Debe la maharage lililoizuia ndege ya Paskali kuruka, Karatu 2003

Wakuu, habari za jioni.

Mimi dunia ilishamaliza kunishangaza. Niliingia Karatu kutoka Machame na darasa langu la nne, nguo kwenye mfuko wa rambo. Leo nina gereji, stoo mbili za nafaka na ghorofa pale mjini. Nimewahi kuivuta Land Rover ya watalii kwenye matope ya kreta huku faru ananitazama. Sikutetemeka.

Kwa hiyo nikisema hiki kilinishangaza, jueni sijakitunga. Mashahidi bado wako hai kule kijijini Daa.

Ilikuwa 2003. Kuna jamaa anaitwa Paskali, Mwiraqw wa Daa. Alikuwa fundi wa ndege ndogo Arusha miaka mingi, na leseni ya kurusha anayo. Akarudi nyumbani akaanza kujenga ndege yake kwenye banda la trekta la marehemu baba yake.

Ndege kweli, wakuu, si ya maonyesho. Ya watu wawili, wamekaa bega kwa bega. Injini used kutoka Nairobi. Mabawa ya mbao yamevikwa kitambaa, kikapakwa dawa mpaka kikakaza kama ngoma. Mabomba ya bodi yamechomelewa gereji kwangu, kwa gesi yangu. Hilo naomba liandikwe mahali.

Propela nilinunua mimi. Makubaliano yalikuwa mepesi: kiti cha kwanza cha abiria ni changu. Nikatangaza mji mzima kwamba nitaiona Ngorongoro kwa juu kama mzungu. Mpaka padre alikuwa ananiuliza safari lini.

Mkaguzi alikuja kutoka Dar, akagonga gonga kila kitu, akampa Paskali kibali cha majaribio. Kwanza aruke peke yake. Halafu aruke na mzigo wenye uzito wa mtu. Abiria mwisho kabisa.

Siku ya kwanza walijaa watu kwenye shamba la ngano lililovunwa, ndio uwanja wetu huo. Shamba lenyewe ni la majirani, walimwachia Paskali bure. Mimi nimeshika mtungi wa kuzimia moto. Ndege ikakimbia, mkia ukanyanyuka, halafu nikaona mwanga chini ya matairi.

Nawaambia ukweli, nilisahau kupumua.

Akazunguka mpaka upande wa Oldeani, akarudi, akatua. Watu wanapiga vigelegele. Yeye anashuka, anakuna kidevu.

"Inavuta kushoto," akasema. Akaenda kunywa uji.

Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Wiki nzima anakunja kibati kidogo kwenye mkia, anaruka, anashuka, anakunja tena. Nikawa nafunga gereji kwenda kumtazama. Kila jibu linazaa swali. Kwa nini jua likipanda inavuta uwanja mrefu zaidi? Kwa sababu hewa ya joto ni nyepesi, na Karatu tuko juu. Mimi na darasa langu la nne nikaelewa.

Ikafika zamu ya mzigo.

"Mangi," Paskali akaniambia, "niletee kilo themanini za maharage kwenye vifuko. Twende Oldeani tukaazime mizani ya kahawa kwanza."

Barabara ya Oldeani mnaijua, mashimo matupu. Nikamwambia, "Debe ni kilo ishirini, hata mtoto anajua. Nakuletea debe nne." Nikapima mwenyewe stoo, nikafunga vifuko, tukavikaza na mkanda pale kwenye kiti changu.

Ndege ikakimbia. Ikakimbia. Ikaruka kidogo kama kuku, ikashuka, ikapita mwisho wa uwanja na kuingia kwenye ngwara za jirani, zile mnazoziita fiwi.

Paskali katoka mzima, ila mguu mmoja wa tairi umepinda.

Hapo kila mtu akawa injinia. Mmoja anasema petroli ina maji. Mwingine anasema kuna mtu kaifunga ndege kwa uchawi. Siku mbili Paskali anafungua injini, haoni kitu. Akaanza kusema labda mabawa aliyakosea, labda aivunje auze injini. Nikaona kiti changu kinaondoka.

Siku ya tatu mke wangu, Mama Neema, kaleta chakula. Kasikiliza ule ubishi, halafu kauliza taratibu:

"Baba Neema, ulipima kwa debe gani?"

"La stoo."

"La kununulia au la kuuzia?"

Waliokuwa kwenye biashara ya nafaka miaka ile wanaelewa. Debe la kununulia limegongwa kwa ndani mpaka likavimba tumbo. La kuuzia liko kama lilivyotoka kiwandani. Nani hakuwa nayo mawili? Na mkulima akijaza, unadai kilele juu yake. Mkono wangu umezoea hivyo, nilijaza na kilele hata kwa ndege.

Paskali akaweka spana chini. Akaenda Oldeani kwa pikipiki, akarudi na mizani. Vifuko vikapanda. Kilo mia moja na kumi na sita.

Ziada ya kilo thelathini na sita.

Waliosimama pale wote ni watu wa Daa, na wote wananiuzia maharage. Mama Bura, bibi mmoja mfupi, akausogelea ule mzigo akaupigapiga.

"Mangi," akasema, "ndege imebeba debe lako mara moja ikalala kwenye ngwara. Sisi tumelibeba misimu mingapi?"

Walicheka, ila uwanja ukafungwa palepale. Shamba ni lao. Wakasema hakuna kitu kitaruka mpaka Mangi arudishe ziada ya msimu ule, kaya kwa kaya, kwa mizani.

Nikamtazama Paskali anitetee. Akasema, "Mama yangu naye alikuuzia."

Nikalipa. Mguu wa tairi nikanyoosha mwenyewe. Kilo themanini za kweli zikaruka asubuhi na mapema bila shida, na wiki iliyofuata nikapanda mimi. Niliuona ukingo wa Ngorongoro umejaa mawingu kama sufuria ya maziwa yanayochemka. Chini, Mama Bura alikuwa mdogo kuliko punje ya ngwara, na bado nilijua ananitazama.

Nilichojifunza: hewa haina debe la kununulia na debe la kuuzia. Debe lile nililibomoa, sasa nanunua kwa mizani, na watu wa Daa wananiletea mimi kwanza.

Kama kuna aliyewahi kupanda au kujenga chombo cha namna hii, aje aelezee hapa. Wale wa kunicheka pia karibuni, nimeshazoea.

Gharama yote, propela, kufidia ngwara, kunyoosha mguu wa tairi na ziada za watu wa Daa: shilingi milioni moja, laki sita, arobaini na tatu elfu na mia tano.