Siku Mama Alipotuhesabu

Nilipokuwa bado wa umri wa kutumwa chumvi kwa jirani, pale Kiswere, hapakuwa na mama aliyehesabu watoto wake kwa sauti. Nazi zilihesabiwa, mbuzi walihesabiwa, magunia ya korosho yalihesabiwa mara mbili kwa kuwa wanunuzi hawakuaminika. Lakini watoto waliitwa kula, wakaja, aliyekosekana akatafutwa, basi. Karani wa serikali akipita kuuliza, wanawake walimjibu, "Wapo," au "Mungu hakutunyima," na yule maskini akabaki amesimama uani na kalamu yake, hajui aandike nini. Ukitaja idadi yao, walisema, umekiambia kifo kuna wangapi wa kuchagua.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mlinzi mkuu wa mwiko huo. Akilazimika sana, kwa mfano siku ya kugawa nyama ya sikukuu, alihesabu kwa kukana: si mmoja, si wawili, si watatu, hivyo hivyo mpaka afike alikotaka. Kifo kikipita na kusikia, kingeona hapa hakuna mtu. Tulimcheka, ila kwa siri. Leo mimi ni mtu mzima, nimesoma, na kazi yangu ni kuzunguka vijiji vya huku kwetu, kuanzia Kiranjeranje mpaka Songo Mnara, nikirekodi wanawake wazee wakisimulia maisha yao. Na bado katika maandishi haya sitasema mama yetu alituzaa wangapi. Atakayeniona mshamba na anione.

Kazi hii niliiona kwa mara ya kwanza uani kwetu. Mwishoni mwa kiangazi kimoja alikuja msichana wa chuo kutoka Dar es Salaam, jina lake Rehema, mwembamba, mwenye adabu, na rekoda ya kijivu ya kaseti begani. Alisema anakusanya habari za maisha ya akina mama wa pwani: walizaliwa wapi, waliolewaje, walikula nini wakati wa njaa. Wanaume wa kijiji walimpa ruhusa huku wakicheka. Maisha ya wanawake yana kitu gani cha kuwekwa kwenye kaseti?

Alianza na Bibi kwa sababu ya ukubwa wake. Bibi alikuwa anasuka ukili wa mkeka, na hakuuacha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa kitako. Hicho kidude chako kinakula nini?"

"Betri tu, bibi."

"Afadhali."

Bibi alisimulia vizuri, na kwa majivuno, maana alipenda kusikilizwa. Alipoulizwa amejaliwa watoto wangapi, akajibu kwamba wapo.

"Wangapi, bibi?"

"Hao unaowaona, na wengine usiowaona."

Rehema alicheka, akaliacha swali lile lipite. Kesho yake akaja kwa Mama.

Lazima nimweleze Mama alivyokuwa. Alizaliwa Kiranjeranje, kwenye mashamba, akaletwa Kiswere akiwa mwali, na watu wa pale hawakumsamehe kuogopa maji. Wenzake walikwenda mwambani maji ya bamvua yakitoka, wakarudi na pweza. Yeye alirudi na miguu iliyochanika. Walimwiga lafudhi yake ya bara mbele ya macho yake. Ndani ya nyumba yetu hakuna aliyemuuliza kitu zaidi ya chumvi iko wapi na maji yamechemka. Mimi mwenyewe nilimjua kama mtu wa kazi tu. Sikudhani alikuwa na jambo lolote kabla yetu.

Basi mchana ule Rehema alitandika mkeka nyuma ya jiko, akabonyeza rekoda, akasema, "Mama, nieleze tangu mwanzo." Mama alianza kwa kunong'ona, akijifunika mdomo kwa upande wa khanga. Baadaye khanga ilishuka. Alisimulia alivyokuwa akilinda shamba la baba yake dhidi ya nyani, alivyofiwa na mama yake angali anajifunza kutwanga, alivyopanda lori siku ya kuletwa kwa mume. Walipofika juu ya kilima aliiona bahari mbele, akadhani ni moshi wa shamba linalochomwa, akamuuliza shangazi yake mbona moto ule ni mkubwa hivyo. Alicheka mwenyewe kwa hilo mpaka machozi yakamtoka. Nilikuwa nimekaa karibu naye nikimenya muhogo, na nikajiona nina mama mwingine, mzuri zaidi, ambaye nilikuwa nimefichwa.

Hamisi, mdogo wangu, alikuwa hatulii. Alikuwa na umri wa kuuliza kila kitu. Alipanda mapajani kwa Mama, akashuka, akataka kushika vitufe, mpaka Rehema akamwambia aseme neno kwenye mashine. Akasema kwamba yeye ni Hamisi na atakuja kuendesha lori la korosho, na sisi sote tutapanda bure isipokuwa Salima. Salima ndiye mimi. Tulikuwa tumegombana asubuhi. Rehema akairudisha kaseti nyuma kidogo, akamsikilizisha. Hamisi alikimbilia nyuma ya mlango, kisha akachungulia na kuuliza yule mtoto aliyemo ndani anakula wapi.

Nadhani ni furaha iliyomponza Mama. Rehema aliuliza tu, kwa upole, bila hata kukazania, "Na watoto je, mama?" Mama akainua mkono wake wa kushoto, akaanza kutushika kidole kwa kidole. Alitutaja kwa majina, kuanzia mimi, na kila mmoja alimpa sifa yake: huyu mkono wangu wa kulia, huyu mpole kama babu yake, huyu Hamisi mtundu lakini ana huruma. Alipomaliza akatoa jumla, kwa sauti ya juu, jinsi mtu anavyotaja shamba lake. Sikuwahi kumsikia akinisifu kabla ya hapo. Nilijaa fahari hata sikuona kosa.

Upande wa pili wa ua Bibi aliacha kusuka.

"Mama Salima!"

"Abee, mama."

"Umesema nini?"

Mama akaziba mdomo kwa kile kiganja alichokuwa akihesabia. Bibi akamwamuru ateme mate, naye akatema, akapangusa kwa mguu. Rehema alikuwa ameshika magoti ya Bibi akiomba radhi. Bibi hakumgombeza. Alisema taratibu, "Likiwa mdomoni tu, mjukuu wangu, neno linapita na upepo. Humo limekaa. Kila utakapokiwasha, kitawahesabu upya."

Rehema aliahidi kurudi baada ya kumaliza vijiji vya upande wa Lindi, akaondoka na kaseti yake. Siku zile Mama alitulaza wote ndani mapema, na nilimwona akipita akitugusa vichwa gizani, bila kuhesabu, akigusa tu.

Mvua zilipoanza, Hamisi akashikwa na homa. Baba alikuwa Lindi kutafuta vibarua. Homa ilipanda, mtoto akaanza kukakamaa na kugeuza macho, na Bibi akasema ni degedege, akamfukiza majani na kumfunika. Mama alitaka kumpeleka kwa mganga wa zahanati, ila njia ilikuwa imekatika kwa maji, ikabidi angoje yapungue. Asubuhi yalipopungua alimbeba mgongoni kwa khanga, akatembea na mwanamke jirani. Yule jirani ndiye aliyetusimulia baadaye. Alisema aliona kichwa cha mtoto kimelegea, akamwambia Mama asimame, na Mama hakusimama. Aliendelea kutembea mpaka wakafika, akakaa kwenye foleni pamoja na wengine.

Hamisi alizikwa alasiri ile. Bibi hakusema hata mara moja kwamba alionya, na ingekuwa heri aseme, Mama apate wa kubishana naye. Badala yake waliokuja msibani walinong'ona jikoni, na minong'ono ya jikoni husikika kuliko adhana. Si aliwahesabu? Aliwahesabu, tena kwa vidole. Mtu wa bara, hajui miiko. Mama alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka kwao, ameinamia mkeka. Nilimwonea huruma, na nilimwogopa pia. Nakumbuka nilikwenda kulala kwa Bibi nikijiuliza ni kidole gani kitafuata.

Rehema alirudi kama alivyoahidi, hana habari. Aliambiwa njiani, akaingia uani analia, akapiga magoti kumpa Mama mkono wa pole. Kisha akaitoa rekoda kwenye mfuko.

"Mama, sauti yake ninayo. Alivyosema habari za lori, yote imo. Nitakuwekea uisikie, halafu nitakuletea nakala ya kaseti iwe yako."

Mama aliitazama ile mashine muda mrefu. Nilidhani angeikumbatia.

"Ukiiwasha," akasema, "nitakuwa nahesabu tena?"

Rehema hakumwelewa mara moja. Alipoelewa, akasema, "Mama, Hamisi ameshatangulia. Haiwezi kumdhuru."

"Nina wengine."

Mama akaendelea, na sauti yake ilikuwa kavu, "Naomba uwatoe wanangu humo ndani. Wote. Na yeye."

Rehema alijaribu kumbembeleza. Alisema anaweza kufuta ile sehemu ya kuhesabu peke yake, lakini Mama hakuwa na imani na ujanja wa kukata hapa na kuacha pale. Ikambidi aeleze jinsi inavyofanyika: kaseti haifutiki kwa mara moja, inarekodiwa juu yake tena, bila mtu kusema kitu, mpaka upande wote uishe. Mama akasema sawa. Rehema akairudisha kaseti mwanzo, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akaiweka rekoda juu ya mkeka, nasi tukakaa kimya.

Sijawahi kukaa kimya kirefu kama kile. Matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye makuti, kuku walikuwa wakiparua, mahali fulani mtu alikuwa akitwanga. Mama alikuwa akitazama vile vigurudumu vikizunguka nyuma ya kioo cha rekoda. Midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo, na mimi nadhani alikuwa akikisia tumefika wapi: sasa nyani, sasa mama yake, sasa lori na ile bahari. Bibi alitoka ndani, akaja kukaa ubavuni mwake, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Ilipofika katikati, Mama alinyoosha mkono ghafla kuelekea kwenye mashine. Bibi akaudaka mkono ule, akaushika kwenye mapaja yake, na hakuuachia. Mpaka leo sijui kama alikuwa akimzuia au akimfariji. Kitufe kiliporuka chenyewe, Mama alinyanyuka, akaenda kuteleka maji ya ugali.

Tangu siku hiyo hakusimulia tena habari zake. Bibi alikufa akiwa mzee sana, na hata baada ya hapo Mama hakulegea. Nilipoanza kazi hii nilimwomba mara nyingi, naye alinijibu niwaulize wenye maisha. Ninajua malaria ni nini, nimewaeleza watu wengi kwa subira, na nikiwa mjini nina hakika kabisa kwamba mdudu mmoja tu ndiye aliyemuua ndugu yangu. Nikiwa uani Kiswere hakika hiyo hupungua. Ninapowarekodi akina mama, swali la watoto siliulizi. Atakayetaka kuwataja atawataja.

Mwaka jana nilikwenda kumwona. Macho yake sasa ni mabovu, lakini bado anataka kuchagua mchele mwenyewe, kwa vidole. Nilikuwa nimekaa naye, ungo katikati yetu, tunazungumza bei ya samaki. Akasema, bila utangulizi wowote:

"Salima, wewe kazi yako sauti za watu. Hivi Hamisi sauti yake ilikuwaje?"

Jina hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu msiba. Nilibabaika, nikaanza kumkumbusha aliyoyasema siku ile. Akanikatiza.

"Maneno nayajua. Nauliza sauti. Ilikuwa nyembamba? Ilikwaruza? Zamani nilikuwa naisikia. Siku hizi nikiivuta, inakuja ya mdogo wake."

Nilifumba macho nikaitafuta. Nilimwona mtoto, nikauona mlango aliojificha, nikayaona hata meno yake ya mbele. Midomo yake ilikuwa ikisema na hakuna kilichotoka.

"Sikumbuki, Mama."

Alitikisa kichwa polepole, akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Basi. Na wewe ulikuwa mdogo."

Alinifariji mimi. Ningetamani kumwambia kwamba siku ile uani hakuwa mjinga wala mshirikina, kwamba alikuwa na mmoja aliyekwenda na sisi tuliobaki, akachagua, na hakuna aliyempa hata pole kwa uchaguzi ule. Badala yake nikaendelea kuchagua mchele. Simu yangu ilikuwa mfukoni, imejaa sauti za mama za watu wengine. Mama yangu aliifuta sauti ya mwanawe ili mimi niishi, nami nimeishi, na siku aliponiomba nimrudishie sikuwa nayo.