Insulini Iliyomiminwa Kwenye Uji

Jina langu lifichwe. Nina miaka sabini na tisa, mzaliwa wa upande wa Fataki. Tangu vita vitufukuze, ninaishi kwa binti yangu mtaani Shari, hapa Bunia. Katika ua huohuo anakaa mtu ambaye sijamsamehe: shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu.

Enzi za Zaire mke wangu alipatwa na ugonjwa wa sukari. Hospitali ilimpa insulini, nami nikajifunza kumchoma. Vichupa tuliviweka ndani ya mtungi wa maji baridi. Watu waliniuliza swali ambalo bado naulizwa: kwa nini isinywewe? Niliwaeleza kwamba insulini ni peptidi, yaani mnyororo wa vipande vilevile vinavyojenga nyama na yai. Tumbo halitofautishi dawa na kitoweo, linasaga vyote. Shemeji alinicheka mbele ya watu, akasema nimesoma mpaka nimepotea.

Kwetu, mke akiugua sana, ndugu zake wana haki ya kwenda kumuuguza kwao. Shemeji akaja kumchukua. Nilimkabidhi dawa na sindano, nikamwonyesha namna ya kuchoma. Yeye akaimimina dawa kwenye uji. Juma halikuisha, nikaitwa kuzika. Mama mkwe ndiye aliyeninong'oneza habari ya uji.

Matangani shemeji alisimama akasema ni sindano zangu zilizomuua dada yake. Kabla sijajibu, wazee wakakata shauri: maneno yote yazikwe pamoja na mwili, na atakayeyafukua ataita kifo kingine. Binti yetu alikuwa angali wa kubebwa mgongoni. Hajui lolote.

Sasa mjukuu wangu wa kike anaumwa ugonjwa uleule. Juzi alilia akiona sindano. Shemeji akamwambia binti yangu alete dawa, yeye atampa mtoto kwenye uji. Nikakataa. Akanigeukia.

«Muzee, weye ulichoma dada yangu mpaka akakufa. Uyu mutoto hautamuchoma.»

Binti yangu akaniangalia. Neno la mjomba kwetu ni zito.

«Baba, ni kweli ulichoma mama?»

«Nilimuchoma. Na siku zote nilimuchoma, alikuwa muzima.»

Shemeji akacheka kile kicheko chake cha zamani. Tangu hapo vichupa anavitunza binti yangu, na mjomba wake ndiye anayemshauri.

Nikifukua yaliyozikwa, nitavunja nyumba inayonihifadhi. Ninyi mngefanya nini? Nijibuni upesi. Hapa uji hupikwa kila asubuhi.