Kaburi la Kupanga

Siku hiyo mkalimani nilikuwa mimi, kwa hiyo mtu asiniambie sikuelewa. Nilielewa kila kitu.

Wakwe zangu walikuja Moshi mtoto alipofikisha miezi minne. Baba mkwe ni Mjerumani, mama mkwe ni Mholanzi. Mume wangu alizaliwa Uholanzi, akasoma Ujerumani, akafanya kazi Ubelgiji, halafu akaja kufundisha useremala huku. Tumepanga vyumba viwili Majengo. Akiulizwa kwao, anasema Ulaya. Mimi nilishazoea. Baba yangu hakuzoea. Alikataa kumpokea mjukuu rasmi pale nyumbani Masama mpaka ajue huyu mtoto ana kwao wapi. Na mimi nilitaka mwanangu apokelewe, basi.

Jumapili tukapanda Masama. Wazee wakakaa uani, kila mmoja na kata yake ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Wakwe waliinywa vizuri, siwezi kusema uongo.

"Waulize," baba akaniambia, "kwao ni wapi?"

Mama mkwe akamshika mumewe mkono. "Ulaya."

"Ulaya siyo kijiji," baba akasema. "Mimi sisemi natoka Afrika. Anayejibu hivyo ameiba mbuzi mahali."

Ya mbuzi sikutafsiri. Mama mkwe akaeleza taratibu kwamba baba yake, kwa ajili ya vita, hakutaka kukaa meza moja na Mjerumani. Harusini hakufika. Akisema kwao ni Uholanzi, anamwacha mumewe nje ya mlango. Akisema Ujerumani, anamwacha baba yake. Ulaya ndiyo nyumba pekee wanayoingia wote. Hayo niliyasema kwa Kimachame, maana Kiswahili kilinipungukia. Baba alielewa, nilimwona.

"Sawa," akasema. "Huyo baba yake amezikwa wapi?"

Kwetu wazee wamelala kihambani, kwenye migomba na kahawa inayozunguka nyumba. Babu yangu yuko hatua kumi tu kutoka jikoni. Ukionyesha kaburi, umeonyesha kwenu.

Mume wangu akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake: "Baba, kaburi la babu liliisha."

"Kaburi linaisha?"

"Ni la kupanga. Miaka ishirini. Usipoendelea kulipa, anapewa mtu mwingine."

"Na yule wa ndani?"

"Sijui, baba."

Baba akaweka kata chini. "Mnapanga kaburi? Kama chumba cha Majengo?"

Nikatafsiri. Mama mkwe akacheka, kisha akatafuta kitambaa kwenye mkoba akafuta macho. Baba mkwe akasema hata la mama yake lilishaisha.

Baba akainuka, akamshika mume wangu mkono, akamwingiza kwenye migomba. Tukawafuata. Akampitisha pale alipolala babu, akasimama kando ya mbuni mmoja wa kahawa. "Wewe utalala hapa. Hakuna atakayekutoa. Na huyu mtoto akiulizwa kwao, aseme Masama."

Akamchukua mtoto mgongoni kwangu, akamwinua juu. Wote wakapiga makofi. Nilichokifuata nilikuwa nimekipata. Lakini kwenye migomba ile nimekata majani ya ng'ombe tangu darasa la pili mpaka kidato cha nne, na hakuna aliyewahi kunionyesha sehemu.

"Baba, na mimi je?"

"Wewe umeolewa, mama. Mwanamke analala kwa mumewe."

"Mume wangu si umemlaza hapa sasa hivi?"

"Ndiyo. Basi utalala naye."

"Kwa hiyo mgeni wa mwaka juzi ndiye atakayenikaribisha kwetu?"

Baba akamtazama mtoto. Mume wangu akasema, "Baba, tugawane." Nikamwambia anyamaze, sikuomba kugawiwa sehemu yake.

"Hilo," baba akasema, "ongea na kaka zako."

Kaka zangu wako Dar. Nimewapigia simu wote wawili. Wanasema niache utani, mimi bado mbichi, kaburi la nini? Sitanii. Krismasi watapanda kama kila mwaka, na mimi nitakuwepo.