Mchumba Wangu Aliyefia Dunia ya Moto

Hii habari huwa siisimulii mbele ya wakwe zangu, na hata ninyi nawasimulia kwa sababu mmenibana, maana kila nikiikumbuka shingo inapata joto. Mimi Atupele, mwalimu mzima wa sekondari, mchumba wa watu, nilisababisha msiba wa mtu aliye hai, tena nikaenda kuulilia mwenyewe kwa sauti kuliko wenye msiba.

Ilikuwa Iringa, mwishoni mwa miaka ya sabini. Kwetu ni Tukuyu, lakini nilipangiwa kazi Iringa, na huko ndiko nilikompata Lukelo, kijana wa Kihehe wa pale Kihesa, bwana shamba. Tumechumbiana tu, wakamhamishia Chunya kwenye tumbaku, kwenye vumbi lile, nikabaki na upweke wangu na madaftari ya kusahihisha.

Sasa shuleni kwetu palikuwa na mwalimu wa hesabu kutoka ng'ambo, tulimwita Bwana Danieli, kijana mrefu mpole asiyejua kufua, na huyu Danieli kaka yake alimtumia mchezo kwa posta. Mchezo wenyewe hauna ubao wala kete. Mnakaa mezani, kila mmoja anajitungia mtu wake, shujaa au mchawi au mwizi, Danieli anawasimulia mmefika wapi na mmekutana na nini, ninyi mnasema watu wenu wanafanya nini, halafu mnarusha dadu kuona kama wamefaulu au wameumia (dadu zenyewe zilikuwa na pande nyingi mpaka ukirusha hujui usome wapi). Tulicheza Jumamosi mchana, mimi, Danieli na mwenzetu Mgaya wa jiografia.

Kilichoniteka mimi ni zile dunia zake. Danieli alisema dunia tunayoishi iko katikati tu, imezungukwa na ukungu wa kijivu ambao mwenye kujua njia anaupita, na ng'ambo ya ukungu kuna dunia ya moto mtupu, na ya maji matupu, na ya upepo, na ya udongo usio na juu wala chini, halafu mbali zaidi ndiko kuna dunia za waliokufa, wema wanapanda kwao ngazi kwa ngazi, waovu wanashuka kwao, na wale wasioeleweka nao wana kwao. Mgaya, mtu wa ramani, alihangaika wiki nzima akitafuta kaskazini ya huko iko wapi.

Siku ya kwanza Danieli aliniuliza mtu wangu anaitwa nani. Ningeweza kusema jina lolote. Nikasema Lukelo. (Nilikuwa nimemkumbuka, basi.) Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo, kama mtu anavyochagua kiti cha kukalia.

Jumamosi moja Lukelo wangu wa mezani akafungua mlango wa kwenda dunia ya moto bila kunywa dawa ya kuzuia moto, mimi ndiye niliyesema aingie, na dadu zikakataa. Akafa. Nisiwafiche, nililala na huzuni.

Jumatatu mchana tukatangaziwa kuna sukari kwenye duka la ushirika. Mnaikumbuka sukari ya miaka ile, mtu anaacha mtoto anaoga anakimbilia foleni. Nikapanga mstari na Mgaya, na jua lilikuwa kali, na foleni haisogei, tukaanza mazungumzo yetu.

"Sasa habari ya Lukelo inakuwaje?" Mgaya akauliza.

"Amekufa, Mgaya. Ameungua hata kiatu hakikubaki."

"Na roho yake?"

"Imekwama kwenye ukungu. Danieli anasema tukichelewa itashushwa kwa waovu, kwa sababu ya lile taji aliloiba."

"Masikini. Tutafute mtu wa kumrudisha."

"Tutampata wapi? Mwenye uwezo huo yuko mbali, na anataka vitu vingi."

Nyuma yetu alikuwa Mama Kalinga, mwanakwaya, jirani wa mlango kwa mlango na wakwe zangu. Mimi sikumwona. Nilichoona ni mtu anatoka kwenye foleni ya sukari kwa hiari yake, jambo ambalo sijaliona tena mpaka leo, na badala ya kujiuliza ana nini, nikajiambia wasiovumilia tuwaache waende.

Nikapata sukari yangu. Hapo tena nikajifanya mwerevu, nikasema ngoja nimpelekee mama mkwe nusu, ajue mwanawe hakukosea. Nikajifunga kanga safi, nikashika njia ya Kihesa.

Nilipokaribia nikaona wanaume wanapasua kuni uani, benchi za kanisa zimepangwa nje, wanawake wamekaa chini wamejitanda. Pale nyumbani kulikuwa na babu yao mzaa baba, ambaye mwezi huo alikuwa anakohoa vibaya, nikajua babu ametutoka. Nikawaza, Atupele, wewe ni mkwe mtarajiwa, tena wa kuja, usipolia hapa utasemwa mpaka wajukuu zako. Nikaweka sukari chini pale mlangoni nikaachia sauti.

"Babu yangu! Umeondoka hujaniona nikiolewa! Babu, nani atanitania tena!"

Nililia kwa bidii, nikajitupa chini, na wale wanawake waliponiona wakalia upya na kunikumbatia. Katikati ya vilio nikasikia sauti nyembamba kutoka kwa wanaume.

"Huyu binti ananililia mimi?"

Nikainua kichwa. Babu alikuwa amekaa juani na blanketi lake, bakuli la makande mapajani.

"Babu, upo?" nikasema.

"Nipo, mwanangu. Aliyekufa ni mumeo."

Hapo ndipo nilipolia kweli. Kilio cha kwanza kilikuwa cha adabu, hiki kilitoka tumboni, nikaona giza. Waliponimwagia maji nilikuwa nimelazwa mapajani kwa mama mkwe, namuuliza Lukelo amekufa lini, amekufaje, nani kaleta habari. Mama mkwe akanitazama kwa macho yaliyovimba.

"Atupele, si wewe uliyeleta habari? Mama Kalinga amekusikia dukani. Kwamba mwanangu ameungua hata kiatu hakikubaki."

Jamani. Niliyatambua yale maneno kama mtu anavyotambua kanga yake kwenye kamba ya jirani. Furaha kwamba Lukelo yu hai na aibu ya kilichotokea vilinijia kwa pamoja, nikacheka. Nikacheka, msibani, nimelala mapajani kwa mama mkwe. Mama mmoja akasema nishikiliwe mikono, akili imeruka.

Ilibidi nieleze. Mchungaji alikuwa amefika, baba mkwe amekaa na wazee, na mimi nasimama mbele yao na nguo zimelowa, nawaambia kwamba kuna Lukelo wa Chunya na kuna Lukelo wa mezani, na aliyekufa ni wa mezani.

"Kwa hiyo mwanangu yuko wapi?" baba mkwe akauliza.

"Chunya, baba. Mzima."

"Na huyo aliyeko kwenye ukungu?"

"Huyo ni mchezo, baba."

"Mchezo una roho?"

Mgaya, aliyekuwa amesikia msiba akaja naye, akaenda kumleta Danieli, nikadhani mwenye mchezo amekuja kuniokoa, kumbe Danieli alipoulizwa alifurahi (hakuna aliyewahi kumuuliza kwa makini namna ile), akachukua kijiti akachora maduara yake ardhini, dunia yetu katikati, moto huku, maji kule, ngazi za wema juu, ngazi za waovu chini. Watu wakaacha kulia wakasogea. Mchungaji akakunja mikono nyuma, akauliza hizo ngazi za mbinguni zimetolewa kitabu gani, Danieli akajibu kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba ni kitabu cha kaka yake. Babu akataka kujua kama dunia ya wasioeleweka ina mashamba. Mama mkwe akanyoosha kidole kwenye lile duara la moto.

"Dunia zote hizi," akasema, "na wewe ukaona umpeleke mwanangu hapa?"



Watu walitawanyika baada ya kumaliza makande. Lakini binamu yake Lukelo alikuwa ameshapanda lori mapema kwenda Chunya kuufuata mwili. Lukelo mwenyewe alinihadithia baadaye: binamu alimkuta kwenye banda la tumbaku akiwa mweupe kwa vumbi toka nywele hadi miguu, akapiga yowe akakimbia, Lukelo naye akamkimbiza amuulize nyumbani kuna nini, na kadiri anavyomwita kwa jina ndivyo mwenzake anavyozidi mwendo.

Akaja Iringa kwa lori la kwanza alilopata. Tulikaa nje kwa mama yake. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa uchumba basi. Mama mkwe alikuwa ameshasema harusi isubiri kwanza, amwangalie vizuri huyu binti wa Tukuyu.

Lukelo akauliza, "Niliingia huko peke yangu?"

"Peke yako."

"Bila dawa?"

"Bila dawa."

Akatikisa kichwa taratibu, na uso wake ukawa wa mtu aliyekosewa kweli.

"Ungeniuliza, Atupele," akasema. "Mimi nisingeingia bila dawa."

Alinioa, mwaka uliofuata, na mama mkwe alicheza harusini, ingawa aliomba Danieli akae benchi la nyuma. Ila mimi nilishajifunza. Tangu siku ile nikiwa mbele za watu na nataka kuzungumza habari ya mtu yeyote, naanza kwa kusema kwamba huyo mtu yuko hai, hajambo, na anakula vizuri, ndipo naendelea na mengine. Wanangu wanasema ni uzee. Wacha waseme.