Karata ya Kati, Chini ya Pazia

Miezi yote ya eda sikuuona uso wa shemeji yangu, ila mkono wake niliujua vizuri. Kila Ijumaa baada ya swala uliingia chini ya pazia ukiwa umeshika karata. Kidole gumba kilikuwa kipana, ukucha wake mfupi na bapa kama wa marehemu mume wangu, kana kwamba mama yao aliwagawia mkono mmoja. Mara ya kwanza nilipouona nilisahau kwamba ni zamu yangu kucheza.

Nyumba yetu iko mtaa wa Oli, vyumba viwili na sebule ndogo. Mume wangu alikuwa fundi wa simu mjini Arua. Aliugua ini, macho yakawa manjano, na kabla sijaelewa daktari anasema nini, tukawa tunamzika. Hatukujaliwa mtoto. Mimi ni mtu wa Omugo, kwetu ni Wakristo. Nilisilimu nilipoolewa na Mnubi, na mambo mengi ya dini nilijifunza kwa kuyafanya. Eda nayo nilijifunza hivyo. Mjane anakaa katika nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi, hajipaki manukato, hatoki bila dharura, wala hakai uso kwa uso na mwanamume anayeweza kumwoa. Mama mkwe alikuja kutoka Koboko kukaa nami. Alitundika shuka kwenye mlango wa chumba changu, akaivuta hapa na pale mpaka ikakaa sawa, akasema, "Mpaka eda iishe, hakuna mtu anaweza kukutoa humu. Hata mimi."

Sikuwa nimefikiria kwamba kuna mtu anataka kunitoa. Baada ya maneno yale nilianza kufikiria.

Shemeji ni ndugu mdogo wa mume wangu, anauza vipuri vya pikipiki Koboko. Kila Ijumaa alikuja na unga na samaki wakavu, akakaa sebuleni na mama yake, akanisalimu kupitia pazia. Ijumaa moja akauliza, "Shemeji, zile karata za kaka iko wapi?"

Zilikuwa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Si karata za kopa na shupaza. Hizi zina picha za viumbe vya kubuni, na watu wa nchi nyingi wanazikusanya na kubadilishana. Mteja mmoja aliyerudi kutoka ng'ambo alimpa mume wangu za kwanza, nyingine akazitafuta mwenyewe, akajifunza sheria zake kwenye simu. Alimfundisha ndugu yake, kisha akanifundisha mimi, jioni ambazo umeme ulikatika na hakuna la kufanya.

"Ziko kwangu," nikasema. "Unataka kuzichukua?"

"Nichukue za nini? Nataka mutu wa kucheza na mimi. Kaka hayuko."

"Mimi najua kucheza."

Akacheka sana. "Mama, sikia huyu! Bibi ya kaka iko ndani ya eda, anataka nimchape!"

"Karata ni kazi ya shetani," mama mkwe akasema. Alikuwa ameketi mahali anapoona pande zote mbili za pazia, akichambua simsim kwenye ungo. Akachambua kidogo tena. "Mkeka uko nyuma ya mlango."

Basi tukatandika mkeka, nusu kwake, nusu kwangu, shuka ikigusa katikati.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Unaweka kiumbe mdogo mbele yako. Zamu inayofuata, ukiwa na karata yake ya pili, unaiweka juu yake, naye amekua. Zamu nyingine unaweka ya tatu, na huyo ndiye mkubwa, mwenye pigo zito. Kila mtu anamtaka mkubwa. Ile ya kati haipendwi. Inakula nafasi mkononi, pigo lake ni dogo, na ikikaa mkekani zamu moja tu mwenzako anaweza kuimaliza kabla haijakua. Tena kuna karata ya kuruka. Ukiipata hiyo, unatoka kwa mdogo moja kwa moja hadi kwa mkubwa, na ya kati huna haja nayo kabisa.

Mume wangu alikuwa na kiumbe wa mtoni. Mdogo wake ni samaki mwenye macho makubwa. Mkubwa wake ana meno na mkia wa mamba. Wa kati amejifukia kwenye tope lililokauka, unaona pua tu, kama kamongo, samaki anayelala topeni wakati wa kiangazi. Chini ya picha kuna maneno ya Kiingereza. Niliyasoma polepole kwa sababu niliishia darasa la saba. Yanasema kwamba akiwa kwenye tope hakuna pigo linalomfikia, wala yeye hapigi, na kila zamu anayokaa pale mchezaji wake anavuta karata moja zaidi.

Mume wangu ndiye aliyenionyesha namna ya kuipima. Alisema watu wanaipima karata ya kati kwa kuangalia ile ya mwisho, ndiyo maana wanakosea. "Wewe uliza hivi: nikikwama hapa, na ile kubwa isije, nitaishi?" Kwa karata nyingi za kati jibu ni hapana. Kwa hii jibu lilikuwa ndiyo, na kwa hiyo alizitunza zote nne.

Shemeji aliipima tofauti.

"Hii iko ya kupitia tu," alisema, na mkono ukaigonga kwa ukucha. "Kama stendi ya basi. Nani anajenga nyumba kwenye stendi? Mimi naweka moja, zingine natupa."

"Kaka yako alikuwa nazo nne."

"Kaka alikuwa na huruma."

Asubuhi iliyofuata lori lilirudi nyuma mpaka karibu na dirisha langu, likamwaga tofali. Ukuta ulitikisika. Ijumaa mama mkwe alimwuliza mwanawe, naye akajibu, "Ya kwangu, mama. Kule Koboko wanaiba. Hapa iko salama." Wiki ile likaja lori la pili. Rundo likafika usawa wa dirisha, chumba kikawa na giza mchana, na mara kwa mara tofali moja iliteleza peke yake nikashtuka. Kisha wakaja watu wawili na utepe wa kupimia. Sikuwaona vizuri, nilisikia tu utepe ukirudi haraka ndani ya kasha lake, tak, halafu tena, tak, kutoka jikoni mpaka chooni.

"Mnatafuta nini?" nikauliza dirishani.

"Tunaangalia choo, mama," mmoja akasema bila kugeuka.

Siku hiyo nilimwomba mama mkwe aniambie ukweli, naye aliniambia akiwa ameinamia ungo wake. Mwanawe anataka kuvunja nyumba ajenge maduka. Eda ikiisha wazee watakaa. Nitaambiwa nichague, kuolewa naye kama mke wa pili nihamie Koboko, au nirudi Omugo kwa wazazi wangu.

"Na wewe unasema nini, mama?"

"Mimi nasema nini? Yule naye ni mtoto wangu."

Nyumba ile niliijenga na mume wangu. Maji ya kufyatulia tofali zake niliyachota mwenyewe mtoni, ndoo kwa ndoo, mgongo ukiuma, naye akinitania kwamba nikianguka atanijengea ukutani.

Pamoja na hayo tuliendelea kucheza. Nasema kweli, nilikuwa nangoja Ijumaa. Nilijua mwenye mkono ule anataka nini, na bado, ulipopita chini ya pazia, kwa kitambo kidogo mume wangu alikuwa hai na anacheza nami. Kisha sauti ya mtu mwingine ilisema, na harufu ya manukato ya mtu mwingine ikaingia, na nikarudi nilipo.

Taratibu niliuelewa mchezo wake. Hakuwa na haraka na wadogo. Alikusanya karata za kumwangusha mkubwa, akazishika mkononi, akangoja. Mimi nilimweka kamongo wangu kwenye tope nikamwacha hapo.

"Pandisha basi, shemeji! Mchezo umelala. Utakaa kwenye tope mpaka lini?"

"Mpaka nitake."

"Hapana. Karata itaisha. Hakuna mchezo haina mwisho." Halafu, kwa sauti ileile, akasema, "Eda yako inaisha tarehe kumi na nne. Nimeweka kwenye simu. Siku hiyo nakuja na wazee."

"Kufanya nini?"

"Kuzungumza mambo ya nyumba. Usiogope. Sasa hivi hatuwezi kukugusa."

Mkono ukapiga mkeka mara mbili kunihimiza. Sijui ni hasira au ni uchovu, nikapandisha. Nikamtoa mwenye mkia wa mamba. Karata ya shemeji ikashuka hapohapo, ukawa mwisho wa mkubwa wangu.

"Nilisema pandisha!" akapiga makofi akicheka. "Sikusema utashinda!"

Mama mkwe aliacha kuchambua. "Mbona hukumpiga alipokuwa kwenye tope?"

"Hapigiki, mama."

"Basi muda wote huo ulikuwa unafanya nini?"

"Nangoja."

Mama mkwe alimtazama kwa muda. Niliuona uso wake kutoka upande wangu wa pazia. Kisha akarudi kwenye simsim.

Siku chache kabla ya ile tarehe, asubuhi, alinipashia maji, akaniwekea sabuni na gauni la bluu, lile alilopenda mume wangu.

"Oga," akasema. "Eda yako imekwisha."

"Shemeji alisema tarehe kumi na nne."

"Yeye anahesabu na simu. Eda inahesabiwa na mwezi, na mwezi ni mfupi. Mimi nimeuangalia kila ulipoandama, pale nyuma ya jiko."

"Tumwambie?"

"Alituuliza?"

Nilisita. Nilimwambia sitaki kumficha mtu kitu. Akakunja uso. "Mwezi uko juu, mwanangu. Watu wote wanauona. Nani amefichwa?"

Nilivua nguo nyeupe za eda. Tulipotoka mwanga uliniumiza macho. Nililiona rundo la tofali kwa mara ya kwanza likiwa zima, na lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Tulikwenda kwa shehe aliyetufungisha ndoa. Aliita wazee wawili wa msikiti na mwenyekiti wa mtaa. Mbele yao mama mkwe alisema kwamba ana haki yake katika mali ya mwanawe, kwamba haiuzi, na kwamba kuanzia siku ile anaishi Oli. Mimi nilieleza habari za maji niliyoyachota na tofali tulizojengea. Shehe akasema mke ana haki yake na mama ana haki yake, na nyumba haivunjwi bila wao kuridhia. Maneno yenyewe yalikuwa machache.

Tarehe kumi na nne shemeji alifika na wazee wawili wa ukoo, akasimama kizingitini. Shuka ilikuwa imekunjwa juu ya kiti. Nilimwona mzima, kanzu safi, ndevu zimechongwa vizuri. Hakufanana na mume wangu hata kidogo, isipokuwa mikono.

"Pazia iko wapi?" akauliza.

"Eda imekwisha," mama yake akamjibu kutoka mkekani.

"Lini?"

"Mwezi ulipotimia."

Mzee mmoja akahesabu kwa vidole, akainamisha kichwa. "Ni kweli. Imeshapita."

Mama mkwe akawaeleza tulikokwenda na kilichosemwa. Kisha akamtazama mwanawe. "Mimi nakaa hapa. Ukitaka maduka, jenga. Lakini utaanza kuvunja na mama yako akiwa ndani."

Wazee walicheka kwa aibu, wakanywa chai. Yule aliyehesabu akasema jambo limekwisha, maadamu mama yupo hakuna wa kuigusa nyumba hii. Alisema vizuri, kwa nia njema. Maadamu mama yupo. Niliyasikia maneno hayo, na nilimwona shemeji akiyasikia. Aliweka kikombe chini polepole, akaniomba karata.

Tofali bado ziko pale. Majani yameota katikati yake. Sikumsikia hata siku moja akisema atazihamisha. Yeye anakuja kila Ijumaa na unga na samaki, na tunacheza bila pazia, mama mkwe akiwa pembeni na ungo wake. Naweka kamongo wangu kwenye tope, siku hizi hanihimizi tena. Anacheza kwa upole sana. Ila kabla ya kuketi anamtazama mama yake kwanza, kwa muda, kama anavyotazama karata iliyo mkekani, na kila mara anauliza swali lilelile.

Tangu mvua zianze mama mkwe anakohoa alfajiri. Ijumaa iliyopita alikuwa amejilaza chumbani, ungo umesimamishwa ukutani.

"Mama amelalaje?" shemeji akauliza.

Laiti ningejua kudanganya, ningesema amelala vizuri.

"Amekohoa," nikasema.

"Sana?"

"Sana."

Akatikisa kichwa, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka, akaanza kuchanga karata.