Mkono wa Geraghty Matangani

Ilikuwa themanini na moja. La, themanini na mbili, maana mwaka ule tulipiga kura mara mbili. Fintan Geraghty, wakili wa kijiji chetu na mwana wa muuza nyama, alitaka ubunge, na kwetu kura huombwa msibani. Hakukosa matanga.

Alipofariki Mossie Tuohy, Geraghty akaingia kumnyooshea mkono mjane, Nuala. Mkono wa pole haukataliwi kwetu. Nuala akaficha mikono yake chini ya aproni.

"Pole kwa msiba, mama."

"Msiba upi, wakili? Wa mume, au wa shamba letu ulilompa jirani mahakamani huku ukijiita wakili wetu?"

"Jamani, tusigombane mbele ya marehemu."

"Marehemu anakujua kuliko mimi. Toka, mla rambirambi we!"

Waombolezaji wakacheka, wakammiminia Nuala chai, wakaapa kwamba Geraghty hapati hata kura ya mbwa. Nuala akalala ameridhika: kijiji kiko upande wake.

Sanduku la kura la kijiji lilipofunguliwa, lilijaa jina la Geraghty, naye akakaa bungeni hadi akaota mvi. Jumapili iliyofuata uchaguzi ule, Nuala alisimama mlangoni pa kanisa, akawauliza wale wale wa chai:

"Basi nani alimpigia?"