Duara Jeupe Ubavuni mwa Kifaru

Mpaka leo nikisikia harufu ya rangi ya mafuta iliyochanganywa na petroli, huvuka barabara. Ndiyo iliyokuwa harufu ya Papa, baba yangu, mchoraji wa vibao vya maduka hapa Kisangani, na ndiyo harufu ya likizo niliyoiharibu kwa udadisi wangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Miaka kadhaa nyuma, majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yamepigana katikati ya mji wetu kana kwamba hatuishi humo, kisha yakaondoka, na kwenye barabara ya kwenda Kapalata kikabaki kifaru kimoja kibovu ambacho watu wa mtaa waliamua kukitunza kiwe ukumbusho. Kila mwaka Papa alikipaka rangi ya kijani, bure, bila kuombwa na mtu. Watu walimsifu kwa moyo wake, nami nikavimba kichwa shuleni.

Kabla ya kufunga shule, mwalimu wa historia alituambia kila mmoja achague kitu kilichoachwa na vita, akichunguze, aandike habari zake. Nilichagua kifaru kwa sababu ya Tantine Zaina, dada yake Papa. Mwanawe, Rama, mwenye miaka saba, aliuawa na bomu lililoanguka kando ya kifaru kile kile, na hakuna aliyewahi kumweleza mtoto alifuata nini barabarani siku ambayo hata mbwa walijificha. Kila alipokuja kwetu, hata katikati ya kutwanga sombe, majani ya muhogo, alirudia swali moja. "Siku tulimusukula Rama, mukono yake ilikuwa na kitu nyeupe. Nilisukula na sabuni, ikakatala. Tulimuzika nayo. Ile nyeupe ilikuwa nini?" Aliuliza bila machozi, na hilo ndilo lililonitisha. Nikamwahidi kwamba nitachunguza na kumletea jibu. Mtoto haoni taabu kuahidi.

Nilianza kwa kuwauliza wazee waliokuwepo kifaru kilikuwa na alama gani siku ile. Mmoja aliapa kwamba kifaru kilikuwa na namba, mwingine akasema ni picha ya ndege, wa tatu akawaita wote waongo, wakaishia kugombana kuhusu kilikuwa cha jeshi lipi. Basi siku ya tatu baada ya Papa kusafiri kwenda Isangi kuandika jina la boti, nilichukua kisu chake cha kukwangulia rangi, kitambaa na petroli kidogo, nikaenda zangu. Asubuhi nzima nilikwangua kijani, na chini yake kijani kingine, hata kucha zikauma. Halafu ikatokea nyeupe. Nikaifuata taratibu mpaka likaonekana duara zima, ukingo wake safi, bila kutetemeka, na mji wetu ulikuwa na mtu mmoja tu aliyechora duara namna ile. Ndani yake rangi ilikuwa imevurugika. Niliinama nikaona vidole vinne vidogo na kiganja. Niliweka mkono wangu juu yake, wangu ukazidi.

Papa alirudi mchana ule ule, mapema kuliko nilivyotarajia, akanikuta nimekaa chini pale. Sikufokewa. Alikaa kwenye mnyororo wa kifaru, akatazama lile duara, akaongea akiwa ameinamisha kichwa. Askari walimchukua asubuhi ya siku aliyokufa Rama, wakamtaka aweke alama ili wenzao wakitambue kifaru chao. Kwa woga wote aliokuwa nao, bado kazi ilimpendeza. Akiwa njiani kurudi alimkuta Rama mlangoni kwao.

"Ni miye nilimutuma," alisema. "Nilimwambia, enda ona kazi ya miye, tonton yako. Rangi ilikuwa haiyakauka. Sasa nitamwambia nini Zaina, mama? Ataniona mutu?"

Ndivyo alivyoniita siku zote, mama, kama watoto wa kike wanavyoitwa kwetu. Nilimwonea huruma, na nilimchukia, vyote kwa pamoja. Alifungua kopo la kijani alilorudi nalo, akapaka palepale. Mimi niliandika kwamba kutu imekula alama zote, nikapewa alama nzuri. Tantine nilimwambia hivyo hivyo. "Aksanti, mama," alisema, akanipa ndizi ya kuchoma.

Papa alifariki mwaka jana. Siku hizi vibao vinachapishwa kwa mashine, na hakuna anayejua tena duara lake. Arobaini ilipokwisha nilikwenda kwa Tantine nikamwambia yote. "Kila Idi papa yako alikuwa anakula kwangu," alisema. Kisha akajifunga kitambaa kichwani na kuniambia nimpeleke kwenye kifaru.

Tulipanda toleka mbili, zile baiskeli za abiria, kila mmoja akikaa nyuma ya yake. Njia nzima nilijipa moyo kwamba utotoni nilikuwa na alama ile mikononi mwangu nikaificha, lakini leo angalau nitaikwangua tena nimwonyeshe. Tulipofika tuliwakuta vijana wa kamati ya ukumbusho, wamefurahi, wamejaa vumbi. Walikuwa wamekisugua kifaru kwa mashine kutoka juu mpaka chini, tayari kwa rangi mpya na uzio. Ubavu mzima ulikuwa chuma kitupu.

"Iko wapi?" Tantine aliuliza.

Nilimshika mkono nikauweka pale kiganja cha Rama kilipokuwa. Chuma kilikuwa kimechomwa na jua, nikamwambia autoe asije akaungua. Hakuutoa.